Maua yasiyochanua: kipi ununue kwenye vitalu vya barabarani Dar kwa ajili ya penye kivuli

Kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara Dar es Salaam, kila kilichomo ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa miche, kinaitwa ua. Krotoni ni ua, mtende wa mapambo ni ua, hata majani ya mistari ambayo hayajawahi kuchanua mbele ya mtu ni ua. Ukimwambia muuzaji kwamba sehemu yako ina kivuli, jibu ni lile lile: "Hili linakaa popote, bosi." Halikai popote. Mimea ya majani ya rangi iliyojaa kwenye vitalu hivyo tunaipima hapa kwa jambo moja tu: itabaki hai na rangi yake chini ya mwembe, au kwenye ule ujia mwembamba kati ya nyumba na ukuta wa fensi?

Tuanze na rangi yenyewe, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Wekundu na zambarau wa majani mengi hutengenezwa na mmea kujikinga na jua kali. Jua likipungua, kazi hiyo huachwa, na jani jipya huja kijani. Mabaka meupe ni tofauti: hizo ni sehemu ambazo ukijani haukuwekwa tangu jani linapoumbwa. Rangi ya fedha nayo hutokana na hewa iliyo chini ya ngozi ya jani. Hizo mbili hazisubiri jua. Isitoshe, damu ya mzee kwenye giza haionekani, hata mmea ukiwa na afya tele. Kwa hiyo penye kivuli kizito nunua nyeupe, fedha na manjano-kijani. Nyekundu iache kwa mahali panapopata jua la asubuhi hadi saa nne.

Kivuli hupimwa kabla ya kutoka na pochi. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kupanda, nyoosha kiganja sentimita 30 juu yake. Vidole vikijichora kwa kingo kali, hapo ni juani. Ukiona umbo la mkono lililofifia, hicho ni kivuli chepesi, na sehemu kubwa ya mimea ya hapa chini itakubali. Usipoona umbo lolote, chaguo zako ni mbili tatu tu. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kusini kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na upande wa kaskazini miezi mingine yote. Ujia wa kusini mwa nyumba unaoota kuvu mwezi Julai ndio unaobabua majani Januari. Ushauri wa Ulaya kwamba upande wa kaskazini una kivuli mwaka mzima hauna kazi huku. Pima Juni, pima tena Desemba.

Sasa mimea. Kaladiamu ndiyo tungeinunua kwanza. Asili yake ni Amerika Kusini, ni jamaa ya gimbi, na chini ya udongo ina kiazi kidogo chenye macho. Jani lake ni jepesi kama karatasi na hupitisha mwanga, ndiyo maana ile nyeupe yenye mishipa ya kijani, inayouzwa duniani kwa jina la Candidum, huonekana kama imewashiwa taa kwa nyuma. Zipo za majani mapana yenye umbo la moyo, na zipo za majani membamba yenye kingo za mawimbi. Za moyo ndizo za kivuli. Zile nyembamba ni fupi, hujibana pamoja na huvumilia jua zaidi, basi zipange mbele, ukingoni.

Lalamiko kubwa juu ya kaladiamu ni kwamba "inakufa". Haifi, inalala. Ikishakua miezi sita hadi minane, au maji yakipungua baada ya masika, majani hugeuka manjano, hulala moja baada ya jingine, na mwishowe chungu hubaki udongo mtupu. Aliyenunua Mei kiriba chenye majani kumi yaliyosimama, Agosti anatupa jalalani kiazi kilicho hai. Kitalu kinachouza bila kulisema hilo tunakikata alama, na ni vichache vinavyolisema.

Ukitaka kuivusha: majani yakianza umanjano punguza maji, lakini usiyakate mpaka yakauke yenyewe, kwa sababu bado yanarudisha chakula kwenye kiazi. Kisha acha chungu kikavu mahali pasiponyeshewa, au chimbua kiazi, kikung'ute, kikaushe kivulini kwa wiki moja na ukihifadhi kwenye mchanga mkavu au maranda, ndani ya boksi lenye matundu. Friji hapana, maana baridi ya chini ya nyuzi 15 hukiharibu. Vuli ikianza, kirudishe ardhini kina cha sentimita 4 hadi 5, macho yakiwa juu, kila kimoja sentimita 25 kutoka kwa mwenzake. Ukishindwa kutofautisha juu na chini, kilaze ubavu. Jicho kubwa la katikati ukilikwangua kwa ncha ya kisu, ya pembeni huamka, na utapata majani mengi ya wastani badala ya machache makubwa. Mwagilia mara moja, halafu subiri ncha ichomoze ndipo uendelee. Viazi vingi huozea hapo, kwa maji yanayotangulia mizizi. Kilichoanza kubonyea na kunuka kikate hadi nyama ngumu, kipake unga wa mkaa, kikaushe siku mbili kabla ya kukizika tena.

Utomvu wa kaladiamu huwasha kama gimbi bichi, tena kwa sababu ile ile: fuwele za kalisi oksaleti zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna jani, ulimi na midomo huvimba. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbwa mdogo iweke kwenye chungu kilicho juu.

Krotoni ni hadithi ya kinyume. Ndiyo inayouzwa zaidi, ndiyo inayosifiwa zaidi, na kwa kivuli ndiyo mbaya kuliko zote. Inataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa nne hadi sita kila siku. Ukiiweka chini ya mwembe, ndani ya wiki mbili tatu itaangusha majani ya chini, na yatakayochipua yatakuwa kijani na madoa machache ya manjano. Mmea si mbovu, ila umeuziwa mahali pasipo pake. Ile tradeskantia ya zambarau tupu na akalifa ya rangi ya shaba zina tabia hiyo hiyo, ziache juani. (Utomvu wa krotoni ukidondokea shati jeupe hautoki. Kata matawi ukiwa na nguo za kazi.)

Koleasi ndiyo bei nafuu kuliko zote, na mwenye mkono mwepesi anaweza asinunue tena baada ya kiriba cha kwanza. Shika shina lake utasikia pembe nne, kama rehani. Ni ukoo mmoja. Kivuli chepesi chenye jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili hadi nne ndicho chake. Penye giza hurefuka, hulegea, na nafasi kati ya jani na jani huwa sentimita 8 au 10. Zile za manjano-kijani huungua kingo zikipigwa na jua la mchana lakini hung'aa kivulini. Zile nyekundu nzito ni kinyume, zinavumilia jua na zinafifia kivulini. Wauzaji huzichanganya kwenye beseni moja kwa bei moja, basi chagua kwa rangi, sio kwa ukubwa wa kichaka.

Kuizidisha: kata ncha ya sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, ichomeke kwenye glasi ya maji penye mwanga usio wa jua moja kwa moja, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Mizizi hutoka siku ya saba hadi ya kumi. Ikifika sentimita 3, panda. Ikizidi hapo huzoea maji na kuchelewa kushika udongo. Mche ukifika sentimita 15 kata kichwa, na vichwa viwili vitakavyotoka vikate tena baada ya wiki tatu. Kikonyo cha maua kikichungulia kinyofoe siku hiyo hiyo. Ukikiacha kichanue, mmea huhesabu kazi imekwisha, majani hupungua na shina hugeuka kijiti. Hata ukiitunza vizuri, miezi minne hadi sita ndio uhai wake wenye sura; baada ya hapo anza upya na vipandikizi. Mbolea iwe haba: kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17 kwenye lita 10 za maji, kila wiki mbili. Urea iache shambani. Naitrojeni ikizidi, koleasi hunenepa na kuwa kijani.

Aglonema ndiyo ghali kati ya hizi, na ndiyo tungeiweka pale ambapo karatasi haikuonyesha umbo lolote la mkono. Lakini si kila aglonema. Ile ya kijani na fedha huishi kwenye kivuli kizito kwa miaka. Ile nyekundu na ya waridi, ambayo siku hizi ndiyo inawekwa mbele kwa wateja, inahitaji kivuli chepesi, la sivyo jani jipya huja limefifia. Hukua taratibu sana, majani machache kwa mwaka, kwa hiyo nunua ukubwa unaoutaka sasa. Acha sentimita 3 za juu za udongo zikauke kabla ya kumwagilia. Shina likiwa laini chini, kata kichwa chake kikiwa bado kigumu na ukichomeke upya. Nayo pia inawasha mdomoni.

Kalathea na maranta tunaziogopa kuzisifu, japo hakuna majani yaliyochorwa vizuri kuliko hayo, na kuyaona yakisimama jioni na kulala tena asubuhi ni starehe ya bure. Tatizo ni maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na kalathea haina uvumilivu nayo. Kingo za majani hukauka kahawia kama zimepitishwa kwenye moto, kisha utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu. Watu hudhani ni kiu, wanaongeza maji yale yale. Kama una maji ya mvua au ya bomba, sawa: kila mwezi mimina taratibu maji matamu mara tatu ya ujazo wa chungu, yapite yote chini, yabebe chumvi. Kama maji yako ni ya kisima tu na ukiyaonja ulimi unakataa, usinunue kalathea. Kodilaini nyekundu nayo huungua ncha kwa sababu hiyo hiyo, ingawa huvumilia muda mrefu zaidi.

Nyingine kwa ufupi. Tradeskantia ya mistari ya fedha yenye tumbo la zambarau hufunika ardhi ya kivuli haraka kuliko chochote, lakini kila kipande kinachodondoka kinaota, kwa hiyo iwekee mpaka wa matofali na usitupe hata kipande mtaroni. Hipoestesi, ile ya madoa ya waridi yenye asili ya Madagaska, inapendeza mwezi wa kwanza kisha inarefuka. Ikate nusu bila huruma. Tangawizi ya mapambo yenye mistari ya manjano inafaa sehemu kubwa, maana hufika mita mbili na kupanuka, kwa hiyo katika ujia wa mita moja utapita ukijikinga uso. Na ile drasena yenye mstari wa manjano katikati ya jani, inayouzwa kama kitu cha kigeni, ni ndugu wa damu wa masale yanayopandwa mipakani Uchagani. Kama masale, haisumbui, haifi ovyo, na kivulini mstari wake hupungua upana bila kupotea. Tunaipendekeza kwa asiye na muda.

Begonia reksi huuzwa Dar mara moja moja, ikiwa imetoka nyanda za juu. Usiku wa joto unaiozesha. Huko Lushoto, Arusha, au Limuru kwa upande wa Kenya, ndiko nyumbani kwake, na huko kaladiamu na aglonema ndizo zinazonung'unika Julai.

Ukiwa kitaluni, mambo mawili huamua kama mmea utavuka wiki ya kwanza. Inua kiriba. Kikigoma, ujue mizizi imetoboa plastiki na kuzama ardhini miezi mingi iliyopita. Muuzaji atakivuta kwa nguvu, mizizi itakatikia chini, na siku ya tatu nyumbani mmea utanyauka huku ukiuogesha kwa maji. Chagua kinachoinuka chenyewe. Pili, shika shina la koleasi au tradeskantia na ulivute kidogo kwenda juu. Likiteleza, hicho ni kijiti kilichochomekwa juzi, na unalipia kazi ambayo mizizi haijaifanya. Tazama pia kwapa za majani. Pamba nyeupe humo ni wadudu wanaoitwa vidung'ata, na kimoja kinatosha kujaza bustani.

Udongo wa kiriba mara nyingi ni mwekundu na mzito, ili usimwagike kwenye bajaji. Ukiuzika hivyo hivyo kwenye mchanga wa Dar, maji hupita pembeni na kuuacha ule udongo wa kiriba mkavu katikati kama tofali. Loweka kiriba kwenye ndoo hadi mapovu yaishe, chana plastiki, papasa kingo za udongo zilegee, kisha panda. Mchanganyiko wa kujazia: madebe mawili ya udongo wa juu, debe moja la mboji iliyoiva, debe moja la mchanga wa mto. Mchanga wa pwani una chumvi.

Chini ya mwembe adui ni mizizi kuliko giza. Mizizi laini inayonyonya iko juu juu, na kila shimo unalochimba unaikata, kisha inarudi kunywa maji ya mmea wako. Weka tabaka la udongo la sentimita 10 hadi 12 tu, ukiacha nusu mita wazi kuzunguka shina ili gome lisioze, au zika vyungu vizima na uweke kipande cha kigae chini ya tundu ili mizizi isipandie humo. Kiangazi mwagilia mara mbili kwa wiki, lita 10 kwa kila mita ya mraba, badala ya kunyunyiza kila jioni. Matawi ya chini yapogolewe hadi mita 2.5 mwanga uingie kwa pembeni. Masizi meusi kwenye majani meupe hayatoki kwenye kaladiamu. Ni kuvu unaoota juu ya utamu unaodondoshwa na wadudu wa mwembe, na hufutika kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kando ya ukuta wa fensi shida ni kifusi. Mafundi huacha saruji na chokaa ardhini, na majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mmea haupati chuma. Chimba sentimita 30, toa kifusi, jaza mchanganyiko mpya.

Vidung'ata vipake spiriti kwa pamba, kisha nyunyiza sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni, kila baada ya siku saba, mara tatu. Vinundu kwenye mizizi ya koleasi ni minyoo fundo. Ng'oa, na usirudishe koleasi wala nyanya kwenye udongo huo. Konokono wakubwa humaliza kaladiamu kwa usiku mmoja. Toka uwaokote kwa tochi kuanzia saa tatu usiku baada ya mvua, kwa glavu, kwa sababu hubeba minyoo ya kudhuru binadamu.

Vitalu vingi hukupa pia kijana wa kuja kupanda. Ni huduma nzuri kwa uzio wa juani. Kwa chini ya mwembe tunashauri uikatae, au usimame naye, maana akifika tu atashika jembe na kuanza shimo la nusu mita.